Kurasa Tatu za Aksumu na Nubia

Kanisa letu la Waswahili hapa Rexdale halikuwa na jengo. Tulisali alasiri katika kanisa la Wazungu, wenyewe wakishamaliza ibada yao. Mwaka juzi, walipoadhimisha kuanzishwa kwa kanisa lao, waliomba mmoja wetu asimulie jinsi Injili ilivyofika Afrika. Nilichaguliwa mimi, maana kabla ya kuja Kanada nilikuwa mwalimu wa historia Dodoma. Huku napanga maboksi ghalani.

Nilifurahi kupita kiasi. Ghalani nilikuwa nakula chakula cha mchana na mama mmoja wa Kiethiopia. Siku za mfungo wake hakugusa nyama wala maziwa, basi nikawa namletea maharage. Nilipomweleza habari ya hotuba, alicheka.

"Waambie sisi tulikuwa na askofu wakati mababu zao wengi bado wanaabudu miti."

Hilo sikuliandika. Niliandika kurasa nne: watawa wa jangwa la Misri, mfalme wa Aksumu, Ethiopia ya kale, aliyempokea Kristo katika karne ya nne, makanisa ya Nubia, kule Sudan, yaliyodumu mamia ya miaka. Nikamwalika aje kunisikiliza.

Jumamosi nilimpelekea mzee wa kanisa apitie. Ni mtu wa kwetu kabisa. Alinirudishia kurasa tatu zimepigwa mistari.

"Dada, hizi zitawaudhi. Wao ndio waliotuletea Neno."

"Kijijini kwetu walilileta, mzee. Afrika walilikuta."

"Ukumbi tunapewa bure. Wakitunyima, tutasali wapi?"

Ningeweza kukataa. Miaka kumi na mmoja nilisimama mbele ya watoto wa watu nikiwafundisha kwamba historia haipindishwi. Nikasema, "Sawa, mzee."

Jumapili rafiki yangu alikuja amejitanda shuka lake jeupe, akaketi safu ya mbele. Nikasoma ukurasa mmoja uliobaki, pamoja na sentensi aliyoiongeza mzee: Afrika ilikuwa gizani mpaka wamisionari walipokuja. Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja wa Kizungu alinishika mikono, machozi yakimlengalenga, akanishukuru. Safu ya mbele sikuthubutu kuitazama.

Jumatatu nilimkuta mwenzangu anakula meza nyingine. Nikamfuata.

"Walinikatia hotuba," nikamwambia.

"Aliyeisoma ni nani?"

Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Alisogeza mkoba wake nikakaa, tukala. Baada ya wiki chache aliomba zamu ya asubuhi, hatukuonana tena.

Mwaka haukuisha, wenye kanisa wakaliuza jengo. Hawakutuuliza, barua ilitupa wiki sita tu. Mzee alinipigia simu akilalamika kwamba wametutendea kama wageni, na hali tumewaheshimu miaka yote. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Neno la kumfariji nililikosa, na kwa kweli sikulitafuta.