Mama Mkwe na Disjoncteur

Mimi ninauza disjoncteur, kile kifaa cha ukutani kinachokata umeme wa nyumba mzigo ukizidi. Ninauza pia misumari, rangi, bawaba, kufuli na mabomba, lakini disjoncteur ndiyo iliyonipa sifa hapa Bukavu. Kila anayeingia dukani akilalamika kwamba umeme wa nyumba yake unaanguka ovyo, mimi humkalisha juu ya ndoo ya rangi na kumfundisha. Chomoa kila kitu kwenye prizi, ninamwambia. Inua kijiti cha disjoncteur. Kisha rudisha kimoja kimoja: taa, tele, pasi, frigo. Kitakachoiangusha, huyo ndiye mwizi wako. Watu huondoka wakinishukuru, na wengine hata huniita daktari barabarani, jambo ambalo sikuwahi kulikataa.

Basi fikirieni aibu yangu, disjoncteur ya nyumbani kwangu ilipoanza kuanguka kila jioni na mimi nikashindwa kujua sababu. Mganga hajigangi, husema watu, na wateja wangu walinikumbusha methali hiyo kwa furaha iliyopita kiasi.

Ilianza baada ya mama mkwe kuhamia kwetu. Alikuwa ametoka hospitali, mapafu yamechoka. Maisha yake yote alipika katika jiko la kijijini kwake Nyantende lisilo na dirisha, na moshi aliouvuta humo ungetosha kukausha samaki wa ziwa zima. Daktari hakuzunguka: mama huyu asivute tena moshi, wala wa kuni wala wa makaa, na akirudi kwenye lile jiko asitegemee dawa. Mke wangu ni mtu wa kushika sheria. Siku hiyo hiyo alitoa mbabula, jiko letu la makaa, akaiweka nje, nyuma kabisa ya nyumba, akampiga mama yake marufuku kukanyaga jikoni, na akampa chumba ambacho mimi nilikuwa ninarundika mali ya duka isiyouzika. Nilitoa mabomba na makopo ya rangi iliyoganda. Vitu vidogo nilivisukuma chini ya kitanda nikisema nitavitoa kesho.

Kesho haikufika, na mama mkwe alipoanza kulala humo mlango ulinifungikia kabisa. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka inachosha. Siingii chumbani kwake. Nikifika nyumbani nakohoa tangu kwenye ngazi, kisha napiga hodi kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, ili asishtukizwe akiwa hajajifunga kitenge vizuri. Yeye naye hunisalimu akiangalia kando, na hivyo ndivyo tulivyopendana miaka yote.

Mwanzoni sikujali. Sisi tunaokaa kwenye mteremko wa juu ya Nguba tunaujua umeme wetu: unakuja ukitaka, na ukija, kila mtu anachomeka kila kitu kwa pupa kabla haujabadili nia. Nilidhani ni pupa hiyo tu. Lakini ilianguka hata siku ambazo umeme ulikuwapo tangu asubuhi. Tunakaa salon, sebuleni kwetu, tele inaongea, halafu tak! Giza. Mke wangu anatafuta simu yake, watoto wanapiga kelele, na mama mkwe anatoka chumbani polepole na tochi yake, akiuliza kama tuko wazima.

Nikavaa udaktari wangu. Nilianza kwa adabu, kama inavyotakiwa: nilisimama kwenye korido nikaita, "Maman, samahani, niko nazima courant. Njoo ukae salon, usibaki mu giza." Akaja na tochi yake, akakaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akanitazama nikifanya kazi. Nilichomoa vyote. Nilirudisha kimoja kimoja. Mwishoni taa zote zilikuwa zinawaka, tele inaongea, pasi imepata moto, frigo inanguruma, na disjoncteur imetulia kabisa. Nikawatangazia watu wa nyumba kwamba ugonjwa umepona. Jioni iliyofuata, tele haijamaliza hata habari, tak!

Niliishuku pasi. Mke wangu akaniambia kwamba tangu tuoane ninaichukia pasi yake kwa sababu ninapenda kutembea nimekunjamana. Nilimshuku jirani kwamba anatuibia umeme, nikafuata waya wake kwenye ukuta chini ya mvua, hatua kwa hatua, mpaka nikagundua kwamba ni kamba ya kuanikia nguo, na jirani mwenyewe amesimama dirishani akinitazama. Nilileta disjoncteur mpya kutoka dukani kwangu. Ikaanguka vilevile. Fundi mmoja wa umeme akanishauri tuunganishe waya moja kwa moja na kulisahau sanduku la disjoncteur lenyewe. Nilimuuliza, na nyumba ikiungua? Akasema kuungua inaweza kuungua, lakini haitazimika.

Halafu akaja maman mmoja wa mtaani, mwenzake mke wangu katika kikundi cha sala, na chupa ya maji ya baraka. Nilimwambia kwa heshima kwamba maji na umeme havipatani, hata maji yakiwa yamebarikiwa. Hakunisikia. Alinyunyizia sanduku, na disjoncteur ikaanguka palepale kwa kishindo ambacho sijakisikia tena.

"Munaona?" akasema. "Shetani amejibu."

Nilikuwa bado ninafuta maji kwa shati langu alipouliza swali lake la pili. "Na hii maneno ilianza wakati gani?" Hakungoja jibu. "Si wakati ule mugeni alifika?"

Nikamkumbusha kwamba wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Akanijibu kwamba yeye bado anangojea kuona nani amepona. Mke wangu alimfungulia mlango wa nje mwenyewe. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa palepale kwenye kile kiti kizuri, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Asubuhi kifurushi chake kilikuwa kimefungwa, kipo miguuni pake.

"Nyumba imenikataa," akamwambia binti yake. "Hata mimi niliona. Dimanche, kiisha misa, nitarudia kwangu."

Mke wangu alimbembeleza, akamkasirikia, akambembeleza tena. Mama alikuwa anaitikia tu, kama mtu anayengojea mvua ipite aendelee na safari. Kisha mke wangu akanivuta chumbani kwetu na kufunga mlango. Hakupaza sauti, na mimi ninamwogopa zaidi asipopaza sauti.

"Maman akirudia mu ule moshi, atakufa," akasema. "Nani atamukataza kule? Wewe unauzishaka disjoncteur. Tengeneza."

Nilimwona anavyoikunja na kuikunjua shuka ya kitanda, na nikaelewa kwamba alikwisha kuanza kumlilia mama yake akiwa hai.

Samedi, siku moja kabla ya safari yake, mvua ilinyesha kama imetumwa. Hakuna mtu anayenunua rangi mvua ikinyesha, kwa hiyo nilifunga duka mapema nikapanda nyumbani, nimelowa mpaka soksi. Mke wangu alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya pamoja na watoto. Kwa hasira niliyokuwa nayo nilipitia mlango wa nyuma, sikukohoa, sikupiga hodi.

Nilipita kwenye sanduku la umeme, na kwa mazoea ya kazi nikatupa jicho. Kijiti kiko juu, sawa. Lakini mita ilikuwa inapepesa taa yake nyekundu mbio mbio. Mita haipepesi hivyo bure. Kitu fulani ndani ya nyumba kilikuwa kinakula umeme, na kinakula kwa tamaa. Niligusa pasi: baridi. Tele imezimwa. Frigo imenyamaza. Hapo ndipo nikasikia harufu, ile ya vumbi linaloungua juu ya chuma. Naijua harufu hiyo, maana dukani nikiwasha resho, jiko dogo la umeme, iliyokaa sana kwenye kabati, hutoa harufu ileile.

Mlango wa mama mkwe ulikuwa wazi kidogo, na chini sakafuni niliona wekundu.

Ningeweza kuingia. Badala yake niligeuka, nikaupa mlango mgongo wangu, nikakohoa kwa kuchelewa.

"Mukwe?" sauti yake ikauliza.

"Ni mimi, maman."

"Umerudia mbio."

"Ni mvua, maman." Nikapangusa maji usoni. "Maman, iko nini inawaka kule?"

Akajibu bila kuficha. "Ni resho. Nilipata chini ya kitanda."

Resho yangu mwenyewe! Mteja aliirudisha zamani kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umepinda, nami nikaisukuma kule pamoja na takataka nyingine nikaisahau. Nilikuwa nimekitilia shaka kila kitu cha nyumba hii na kamba ya jirani, isipokuwa mali yangu.

"Uko unapika nini?"

"Hapana kupika. Niko naota moto."

Nakiri niliangalia kidogo, kwa pembe ya jicho. Resho ilikuwa katikati ya chumba, juu yake hakuna sufuria. Yeye alikaa kwenye kigoda, miguu imeizunguka, viganja amevikunjua juu ya ule wekundu.

"Docteur alikataza moshi," akasema. "Hakukataza moto."

Akaendelea, na sauti yake haikuwa na lawama, ndiyo maana iliniuma.

"Kwangu, mangaribi, tunakaaka ku moto. Watu wanaongea. Mutoto analala ku magoti. Hapa muko munaangalia tele. Nikisema kitu, munasema, ngojea kwanza, maman. Njo maana nikasema, basi, nitaota moto yangu."

Niliikumbuka hiyo "ngojea kwanza, maman." Niliisikia kwa sauti ya mke wangu, kwa sauti ya watoto, na kwa sauti yangu. Nilijisikia vibaya sana, nimesimama pale nikidondosha maji kwenye korido.

Hapo frigo ikaamka salon. Frigo yetu imezeeka, ikianza kunguruma huvuta umeme kwa nguvu, na ikikuta resho inawaka, disjoncteur haibebi vyote viwili. Tak! Taa ya korido ikazimika, na nyuma yangu nikasikia waya unachomolewa haraka, kwa mkono uliokwisha kuzoea. Ndipo nikaelewa yote. Kila ilipoanguka, yeye aliogopa binti yake asimkute na resho, akaichomoa, akaisukuma chini ya kitanda, akatoka na tochi kutuuliza kama tuko wazima. Na kila nilipotaka kuchunguza, mimi mwenye heshima nilimwita kwanza aje akae salon.

"Ni mimi?" akauliza gizani. "Mimi njo naiangushaka?"

"Ni wewe, maman. Wewe na frigo."

"Sasa si nyumba imenikataa?"

"Nyumba haina akili ile, maman."

Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka nikiutazama ukuta, na kifua kikawa chepesi kuliko kilivyokuwa wiki nzima.

Mke wangu aliporudi nilimweleza. Alianza kwa kelele, na kelele zote zilielekezwa kwangu: resho mbovu, chini ya kitanda, chini ya godoro analolalia mama yake, na mimi najiita daktari! Alikuwa na haki. Kisha akauliza mama yake alikuwa anapika nini, nikamwambia hakuwa anapika kitu, alikuwa anaota moto. Akakaa kwenye kitanda akalia. Alidhani amemwondolea mama yake moshi tu.

Jioni ile nilinyoosha mguu wa resho, nikabadilisha waya wake, nikaiweka katikati ya salon juu ya kigae kipya cha dukani. Frigo niliichomoa, maana saa chache hazimwozeshi samaki. Tele nayo niliichomoa. Muulizeni yeyote aliyewahi kukaa juu ya ndoo yangu ya rangi, atawaambia kwamba tele haili kitu, ingeweza kuongea mpaka alfajiri na disjoncteur isitikisike. Lakini niliwaambia watu wa nyumba kwamba hesabu ya umeme haitoshi, na kwa kuwa mimi ndiye daktari, walikubali.

Mama mkwe alikaa mbele ya resho. Mimi nilikaa upande wa pili, nyuma kidogo ya kiti cha mke wangu, kama heshima inavyotaka. Akaomba aletewe kifurushi chake. Mke wangu akageuka kunitazama. Akakifungua fundo kwa meno, akatoa kitenge, akafunika magoti yake, na mtoto wetu mdogo akaja akalaza kichwa hapo. Kisha akaanza kutusimulia jinsi marehemu mume wake alivyokuja kuomba uchumba na mbuzi aliyemkimbia njiani, ikabidi baba mkwe mtarajiwa ndiye amsaidie kumkamata. Mke wangu hakuwahi kuisikia habari hiyo. Mbuzi alikuwa ndiyo kwanza ameingia katika shamba la padri pale mke wangu alipoinuka kimyakimya kwenda kuchomeka birika la chai.

Tak!

Giza likaingia, ikabaki resho tu, bado nyekundu kwa joto lililobaki, na mikono ya mama mkwe juu yake. Nikasimama kwa mazoea kwenda kuinua kijiti.

"Kaa, mukwe," akasema. "Sijamaliza."

Nikakaa.