Mstari wa nati ya nne

Fundi aliyefunga injini kubwa kwenye kigari changu ana mikono mitulivu kama ya mshona nguo. Kila nati inayoshikilia injini, akishaikaza, huipaka mstari mweupe unaovuka hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika. Leo, wiki moja baadaye, aliinama na tochi akihesabu kwa mnong'ono, kama kawaida yake: moja, mbili, tatu. Kwenye ya nne akanyamaza. Mstari ulikuwa umekatika.

"Umelikimbiza gari?"

"Kidogo tu, fundi."

Hakuniangalia. Akaigusa nati kwa ncha ya kidole, nayo ikazunguka yenyewe.

"Asubuhi ulimbeba nani?"

"Mama."

Akanyoosha kiganja. "Lete funguo." Nikampa. Zikawa zinalia katika mkono wake ule mtulivu, chirichiri, hazinyamazi.