Mkate wa Mzee Uliitwa Hleb

Mzee aliyenifundisha kuoka mkate alikuwa Mserbia, duka lake lipo huku ugenini, mtaa wa Malvern, palepale Jules Street. Mimi mtu wa Tanga, shule niliiachia njiani, lakini yeye hakujali. "We Tanga, unaongea kuliko redio," ananiambia, "ila mikono unayo." Mtu akimsema vibaya mzee mbele yangu, tunagombana. Nishamtoa mteja nje kwa hilo.

Siku yangu ya kwanza kipande cha mkate kilianguka. Nikakiokota, nikakibusu, nikakiweka juu, kama tunavyofanya nyumbani. Mzee akaacha kazi, akabaki ananitazama. Kumbe na kwao wanafanya hivyohivyo. "Hleb," akasema. "Haikanyagwi."

Neno likanikaa. Nikaanza kulifuata kwenye simu. Warusi nao hleb, Wapolandi hivyohivyo, Wabulgaria hlyab. Wote watoto wa neno moja la kale sana, ambalo hakuna aliyelikuta limeandikwa. Wasomi wameliunga wenyewe kwa kulinganisha hao watoto, ndiyo maana wanalitilia nyota mbele. Nikazidi kusoma: wengi wanasema hata hilo la kale liliazimwa kwa mababu wa Wajerumani.

Asubuhi moja nikaunguza trei mbili, mzee akanifokea mbele ya wateja. Damu ikanipanda.

"Usijidai na hleb yako! Hata jina lake mmechukua kwa Wajerumani!"

Nilikuwa najua, alishanisimulia. Wajerumani walichoma kijiji chao vitani, wakamuua baba yake, mama akakimbia naye mgongoni.

Akakaa juu ya gunia la unga. "Hata hilo, Tanga?"

Nikavua aproni, nikaondoka, nikanuna siku tatu nzima. Ya nne binti yake akanipigia: mzee kafia usingizini.

Makaburini walitugawia ngano ya kuchemsha yenye sukari, ndiyo desturi yao ya msiba, kila mtu kijiko. Binti akaniuliza kama nina la kusema. Mdomo huu wote, nikatikisa kichwa.

Jibu lilinijia wiki iliyofuata, nimerudi dukani, nakanda unga. Shule! Neno hilo nalo tulilitoa kwa Wajerumani, walewale waliowanyonga wazee wetu wa pwani. Na mama yangu alivyokuwa ananifukuza kitandani, "Amka, shule!", nani angemwambia si neno lake?

Nikamwambia mzee hivyo, kwa sauti, pale mbele ya oveni. Halafu nikatoa trei kabla haijaungua.