Kikapu Ambacho Etelka Hakukimwaga

Tarehe 9 Juni 1994 Csernák Etelka alipewa cheti cha kukagua uyoga sokoni, na kwa miaka ishirini na mitano iliyofuata hakupitisha kikapu hata kimoja bila kukimwaga chote mezani. Kanuni hiyo aliivunja mara moja tu, Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2019, kwa ajili ya mtu mmoja.

Meza yake iko mwisho wa soko, katika mji mdogo chini ya milima ya Zemplén, jirani na muuza asali. Anayeokota uyoga msituni au shambani kwake huuleta hapo. Etelka huumwaga, hugeuza kila kofia ya uyoga, kisha huandika hati na kuigonga muhuri. Unaofaa unakwenda jikoni. Usiofaa anaukatakata na kuutupa kwenye pipa lenye kufuli, hata mwenyewe akilalamika vipi.

Saa nne na nusu siku hiyo alifika Zsoldos Vendel, mkulima wa miaka sabini na minane. Etelka alipofiwa na baba akiwa na miaka sita, Vendel ndiye aliyekuwa akimpeleka msituni na kumfundisha uyoga. Kikapu chake kilijaa kofia za rangi ya chungwa, bado zimelowa mvua ya usiku.

"Uyoga wa kaisari, mwanangu!" alisema Vendel. "Umeota kwangu, nyuma ya zizi. Miaka hamsini nausubiri."

"Mjomba Vendel, isije ikawa umeupaka rangi," alidakia muuza asali.

"Wewe uza maji yako ya sukari."

Watu kwenye foleni walicheka. Etelka aligeuza kofia tatu za juu. Uyoga wa kaisari una mikunjo ya manjano chini ya kofia, na shina lake pia ni la manjano. Zote tatu zilikuwa hivyo. Kumwaga kikapu cha Vendel mbele ya watu, alieleza baadaye, aliona ni sawa na kumpekua mifukoni. Aligonga muhuri.

"Leo ni siku ya jina la mwanangu Máté," Vendel alisema akikunja hati; huko kila jina lina siku yake kwenye kalenda, na mwenye jina hufanyiwa sherehe. "Uje ule."

"Nikifunga meza, mjomba."

Saa tano na nusu alifika Bodnár Rozália, jirani wa Vendel, na mfuko wenye kofia nne za rangi ileile.

"Nimeokota nje ya ua wa Vendel, kwenye ile miti yenye maganda meupe," alisema. "Upande wake na upande wangu, umechanganyikana kama kuku wa majirani."

Etelka aligeuza kofia ya kwanza. Mikunjo ilikuwa myeupe. Shina, jeupe. Ulikuwa muua-nzi, uyoga wa sumu, mwekundu wenye madoadoa, ambao kila mtoto wa huko anaujua. Mvua ilikuwa imeyaosha madoadoa yote na kuufifisha wekundu.

"Mbona uso wako umekuwa kama chokaa?" Rozália aliuliza.

Etelka alikumbuka kofia za Vendel ambazo hakuzigeuza. Alipiga simu kwa Vendel mara tano, lakini simu ya Vendel hukaa kabatini. Akaacha foleni imesimama na kuendesha gari kilomita kumi na nne.

Aliwakuta Vendel, mwanawe na wageni jikoni. Vendel alikuwa amezikata kofia mashina, akazichovya kwenye unga, kwenye yai, kisha kwenye chenga za mkate, tayari kukaangwa. Kofia kumi na moja zilikuwa zimepangwa kwenye sinia, zote sura moja.

"Nani amekula?" Etelka aliuliza.

"Hata salamu?" alisema Máté.

"Máté, nani amekula?"

"Baba tu, moja. Aliikaanga kuonja chumvi."

Mashina yalikuwa kwenye ndoo ya kuku. Etelka aliyamwaga mezani, juu ya kitambaa cha sherehe. Yalikuwa kumi na mawili: kumi na moja ya manjano, moja jeupe. Alichukua kisu akaanza kukwangua chenga za mkate kwenye mikunjo, kofia moja baada ya nyingine, mbele ya wageni. Manjano. Manjano. Ya kumi na moja aliikwangua mara mbili. Nayo ilikuwa ya manjano.

Vendel alikuwa kwenye kiti karibu na jiko, jasho linamtiririka. "Máté," alisema taratibu, akitazama ukuta mtupu, "nani amemvika ng'ombe kofia?"

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika ishirini na tano. Vendel alilala hospitali siku mbili. Muua-nzi ni nadra kuua, lakini moyo wa Vendel ni wa kutumia dawa, na usiku wa kwanza daktari hakuahidi kitu.

Jumapili mchana Etelka alikwenda na chupa ya pichi alizozihifadhi mwenyewe. Afisa wa afya alikuwa ameshapita.

"Nimemwambia ule mmoja niliuokota nilipotoka sokoni," Vendel alisema. "Ameandika. Faili limefungwa."

"Mjomba, ulikuwa chini ya kikapu. Sikuangalia."

"Najua. Mimi mwenyewe niliuweka, na sikuangalia. Sasa nyamaza. Ukiondoka wewe, pale sokoni nani atabaki? Watakuwa wanamuuliza muuza asali."

"Na kama ungekufa?"

"Ningekufa nimeshiba. Fungua hizo pichi."

Alifungua. Yeye hakula.

Jumamosi iliyofuata alikaa mezani kwake kama kawaida. Vendel alikuja, amekonda kidogo, akakipindua kikapu mwenyewe kabla ya kuambiwa. Zilidondoka kofia sita, zote zenye mikunjo ya manjano. Watu walipiga makofi. Etelka aligeuza moja moja, akarudia tena kuanzia mwanzo, kisha akaandika hati. Hakumtazama usoni.

Barua ambayo Etelka ameiandikia ofisi ya afya ni ya ukurasa mmoja. Inasema kikapu hakikumwagwa, zilitazamwa kofia tatu kati ya kumi na mbili, na maelezo ya Zsoldos Vendel si ya kweli. Vendel hajaambiwa. Etelka ataiwasilisha Jumatatu, tarehe 30 Septemba, saa mbili asubuhi, pamoja na muhuri wake, anaourudisha.