Kidole Nilichokiinua Bila Kuulizwa

Mama wa wanangu alipofariki, binti yangu alinitoa Unguja akanileta kwake Al Thumama, hapa Doha, kwa kuwa hakutaka nile chakula peke yangu. Namshukuru Mungu kwa mtoto huyo, na kwa nyumba iliyo hatua chache kutoka msikitini. Nyuma ya msikiti kuna kiwanja kitupu cha changarawe, na kila Ijumaa baada ya Alasiri vijana huja hapo kucheza kriketi. Nilikuwa nakaa kwenye ukuta mfupi na tasbihi yangu, nikiwatazama bila kuelewa kitu.

Siku moja mwamuzi wao hakutokea. Kepteni wa timu ya madereva, mtu wa Mombasa ambaye wazee wake walitoka Punjab, alinijia pale ukutani.

"Shekhe, njoo utusimamie. Hawa askari wa kampuni ya ulinzi hawaniamini mimi, na mimi siwaamini wao."

"Mchezo wenyewe siujui."

"Ndiyo uzuri wake. Na joho la refa ushavaa."

Alikuwa akiisema kanzu yangu nyeupe, kama joho wanalovaa waamuzi wa kriketi. Nilicheka, nikaenda. Tangu siku hiyo nikawa mwamuzi wao, na pia kabati lao, maana mifuko yangu ilijaa simu na funguo za wachezaji.

Kepteni alinifundisha taratibu, Ijumaa baada ya Ijumaa, namna mpigaji anavyotoka. Mpira ukiangusha vile vijiti vitatu vilivyosimikwa kwenye kopo la saruji, ametoka. Ukidakwa kabla haujagusa chini, ametoka. Akiwa anakimbia na vijiti vikaangushwa kabla hajafika, ametoka. Akikinga kwa mguu mpira uliokuwa unakwenda vijitini, ametoka pia, na hiyo ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. "Ukiwa na shaka," aliniambia, "mwachie anayepiga." Hilo lilinifurahisha. Nilipokuwa nasoma sheria ya dini ujanani, mwalimu wetu alitufundisha hivyo hivyo, kwamba penye shaka adhabu huondolewa.

Katika timu ya askari alikuwepo kijana wa Uganda, mpole, aliyejifunza kriketi shuleni kwao. Jioni moja alipokuja kuchukua simu yake mfukoni mwangu alinieleza shida yake. Huku Wakristo husali Ijumaa, kwa kuwa Jumapili ni siku ya kazi. Kanisa lao liko Abu Hamour, si mbali, lakini yeye Ijumaa asubuhi yuko getini, na tangu afike Doha hajawahi kuingia ibadani.

"Wale wa timu kubwa ya kampuni wanapewa ofu kila Ijumaa," alisema. "Imebaki nafasi ya mtu mmoja. Supavaiza atakuja kuangalia. Mzee, mimi nataka tu ile Ijumaa."

Nilimwelewa. Mtu aliyezuiwa siku yake ya kusali hahitaji kunieleza mara mbili. Nilimwombea usiku huo, kwa jina lake.

Ijumaa iliyofuata supavaiza alifika, akakaa ndani ya gari lake na kiyoyozi kikinguruma. Kijana akaingia kupiga. Alikuwa bado hajakusanya mikimbio ya maana pale mrushaji wa madereva, Mkenya mwenye maneno mengi, alipotupa mpira mkali kisha akateleza kwenye changarawe akaanguka kifudifudi. Wakati huo huo ndege ilikuwa inapita juu yetu ikielekea kutua, na hapakusikika kitu kingine. Lakini niliuona mpira ukigusa ukingo wa gongo, ukapinda kidogo, ukaingia mikononi mwa mdakaji aliyekuwa nyuma. Mdakaji akaurudisha kama mpira wowote.

Moyo wangu ulitaka ninyamaze. Ni huko kutaka kulikonitisha. Nilijua namhurumia yule kijana, na hakimu anayemhurumia mmoja wa walio mbele yake ana hatari kubwa. Kwa hiyo niliharakisha. Niliinua kidole, ishara ya kwamba mpigaji ametoka.

Ndege ikaenda zake. Watu wote wakanitazama.

"Shekhe, wafanyani?" kepteni aliuliza.

"Nimemtoa. Mpira umegusa gongo, na huyu ameudaka."

"Nani kakuuliza?"

"Sikuulizwa. Nimeona."

"Refa hamtoi mtu mpaka aulizwe. Sisi tukinyamaza, nawe nyamaza, hata ukiona kwa macho yako mawili. Hiyo sikukufundisha, kosa langu."

Mrushaji alikuwa anajipangusa vumbi. "Kepteni, si tumuulize saa hii basi? Mpira mwingine haujarushwa, bado tuko ndani ya sheria. Na mzee ashatuambia jibu."

Alikuwa sahihi. Neno moja tu la kuuliza, nami ningeinua kidole kile kile tena. Kijana alikuwa ameshaliweka gongo kwapani na kuanza kuondoka.

"Wewe," kepteni alimwita. "Umegusa?"

Alitazama lile gari la supavaiza, kisha akamtazama aliyemuuliza. "Nimegusa."

Kepteni akawageukia wenzake. "Hamkuona, hamkusikia. Sasa mwataka shekhe awachezee? Rudi mahali pako, bwana, upige. Na wewe nenda karushe."

"Tukishindwa usinilaumu."

"Tukishindwa nitakununulia chai ya karaki unywe unyamaze."

Mrushaji alianza kukimbia, na muda wa kuuliza ukapita. Nilishusha mkono, nikaona kwamba ile huruma niliyoiogopa ndani yangu ilikuwa imewekwa tayari ndani ya kanuni, na mwenye haki ya kuitumia hakuwa mimi.

Kijana alipiga mpaka supavaiza akazima gari na kushuka. Mwishowe mpira ulipita chini ya gongo na vijiti vikaruka. "Mzee," mrushaji aliniita, "na hii pia tukuulize?" Hata kijana mwenyewe alicheka akitoka.

Ijumaa ya baadaye alifika kiwanjani amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akabadilisha nguo nyuma ya gari. Aliniletea simu, funguo, na Biblia ndogo yenye jalada jeusi.

"Mzee, nishikie na hii. Natoka nayo ibadani."

Niliitia katika mfuko wa ndani, peke yake, ili funguo zisiikwaruze. Kisha nikasimama nyuma ya vijiti, nikangoja kuulizwa.