Mkunga asiyejulikana kwao Kanada

Juzi, kwenye mashine mpya ya kukamua alizeti pale Iguguno, mzee mmoja wa Kizungu aliwaeleza wateja kwamba mji wao mdogo kule Kanada unaweka bango la watu wake mashuhuri.

"Dada yangu wanamkataa, wanasema hajulikani," alisema kwa Kiswahili cha kuungaunga. "Alikuwa mkunga hapo jirani, Kinyangiri."

Mama mmoja akatua gunia. "Yule mrefu wa baiskeli? Alinizalisha mapacha!"

Mwenye mashine akaizima, akajigusa kifua. "Mimi alinipokea kwa mikono yake."

Bibi mmoja akamshika mzee mkono. "Baba, waambie huku mabinti wengi wana jina lake."

Mzee akavua kofia.

Nami tangu siku hiyo namtafuta mtu wetu mashuhuri ambaye ugenini wangemzimia mashine. Bado sijampata.