Jasusi Niliyemhamishia Kawangware

Nimekana kwa muda mrefu kwamba mimi ni msomaji wa riwaya za ujasusi. Chuo kikuu, wenzangu waliponiuliza nasoma nini, nilitaja vitabu vizito ambavyo nilikuwa nimekwama kwenye kurasa za mwanzo, huku chini ya mto wangu wa kitanda jasusi akinisubiri na bastola yake. Hata leo mgeni akibisha hodi, majasusi husogezwa nyuma ya rafu na washairi huja mbele. Riwaya za safari za angani naziacha wazi, kwa sababu hakuna mtu wa Kawangware anayeweza kukamatwa kwa kosa la kutoka Mirihi. Hilo nimelifikiria sana.

Riwaya ya kwanza ya ujasusi niliisoma Kibra, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na wapiganaji wa msituni na kumshuku kila Mkikuyu. Mjomba wangu alikuwa dereva wa jeshi, na maofisa wakimaliza riwaya zao walizitupa. Yeye aliziokota, nyingi zikiwa hazina jalada. Uani kwetu ni mimi peke yangu niliyejua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo alasiri, haboba, yaani bibi yangu, alipokaa na majirani kusuka ukili wa mikeka, niliwasomea nikitafsiri papo hapo.

Haboba hakuvumilia mahali asipopajua. Nikimwambia mji fulani uko Ulaya, aliguna, akarudi kwenye ukili wake na kuacha kusikiliza. Basi nikawa nahamisha. Mkutano wa siri wa hotelini niliupeleka dukani kwa Mhindi. Jasusi aliyejificha darini akituma habari kwa redio nilimpangia chumba Kawangware.

"Anafananaje huyo?" jirani mmoja akauliza.

Kitabu hakikusema. Nikatazama njiani, na fundi wa saa alikuwa anapita. Alikuwa Mkikuyu wa makamo mwenye shamba lake Kawangware, na alikuwa na pasi ya kuingia Kibra kutengeneza saa za wazee wetu wa Kinubi, askari wastaafu.

"Mfupi," nikasema. "Ana koti la kahawia. Bega moja limeinama. Anatembea na baiskeli yenye sanduku la bati, na redio imo humo."

Wakacheka. "Maskini fundi wetu," haboba akasema. "Haya, endelea. Anatuma habari gani?"

Nyuma ya ukuta wetu wa udongo alikuwa amepanga chumba askari kanzu, polisi asiyevaa sare, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza. Akasikiliza. Kitabu hakukiona.

Siku chache baadaye jirani yuleyule aliingia uani bila hodi. "Fundi wa saa amechukuliwa. Sanduku lake limekutwa na nyaya na springi, wanasema ni redio. Ati anatuma habari msituni kutoka Kawangware."

Vidole vyote vikasimama kwenye ukili.

"Kwani hiyo si hadithi yetu?" mwingine akauliza polepole.

Siku zile mtu wa Kawangware aliweza kupelekwa kizuizini kwa jambo dogo kuliko redio, na mkewe asijue yuko kambi gani. Haboba akasimama, akajitanda nguo yake. "Chukua kitabu chako. Vaa viatu."

Njiani alinitangulia kwa hatua ndefu. Mimi, kwa aibu yangu, nilikuwa nawaza jasusi wa kitabuni angefanya nini. Angepita dirishani. Dirisha la kituo cha polisi lilikuwa na nondo.

Inspekta alikuwa Mzungu kijana mwenye macho mekundu. Nilimweleza kwa Kiingereza, lakini yeye alinijibu kwa Kiswahili cha walowezi, labda ili nisijione. Akafunua kurasa.

"Hii kitabu hapana sema Kawangware."

"Nilihamisha mimi, bwana."

"Baisikeli iko wapi?"

"Niliongeza."

"Sababu gani?"

"Waliniuliza anafananaje, na fundi wa saa alikuwa anapita."

Haboba akasogea mbele. "Bwana afande, huyu mtoto ni mwongo. Mwongo hodari. Mume wangu alivaa sare ya Mfalme, na mimi nakwambia hivyo mbele ya mtoto mwenyewe. Mwambie akuhadithie, utaona."

Basi nikahadithia, na inspekta akanifuata kwa kidole kwenye ukurasa. Kila nilipofika mahali nilipobadilisha, nilisema. Lakini kulikuwa na kurasa nilizoziruka kwa sababu sikuzielewa, na hapo kidole kilisimama, naye akaniangalia, nami nikahisi nimemfunga mtu kwa uvivu wa kutofungua kamusi. Kisha kidole kikaendelea. Nilipofika kwenye redio darini, akafunga kitabu.

"Fundi hapana iko hapa," akasema. "Leo asubuhi yeye nakwisha kwenda na lori. Kambi ya kuchuja watu."

Haboba akakaa chini, pale pale sakafuni.

Inspekta akainua simu, akaita kambini. Sasa alisema Kiingereza, nami nilielewa kila neno: kuna msichana hapa na riwaya ya ovyo, na huenda ile ripoti yote imetoka humo. Upande wa pili ukataka kuzungumza nami. Akanipa mkono wa simu. Sikuwa nimewahi kuushika. Niliugeuza juu chini, akaninyooshea.

Sauti ya Mzungu mwingine iliniuliza ni bega lipi limeinama.

"La kushoto," nikasema. "Lakini hilo ni la fundi. Jasusi hana bega. Kitabuni hawakumpa."

Nikasikia kiti kikiburuzwa, mlango, watu wakisemezana mbali na simu. Haboba alikuwa ameshika upindo wa gauni langu. Kisha ikaja sauti nyingine, nyembamba, ya mtu ambaye naye hakuzoea simu.

"Wanasema niende nyumbani," ikasema. Nikamsikia akipumua. "Wewe ni nani? Mimi nilikuwa nimefanya nini?"

"Hukufanya kitu, baba," nikasema. "Nilikuwa nasoma kitabu."